Iko ya Nani Yenye Kulia? Fikira juu ya Mwito, Jina na Wajibu

Utangulizi

Tukizungumza juu ya mila za wazee wetu, mara nyingi tunazungumza sawa watu wanaotembelea kaburi. Tunasifu, tunasikitika, kisha tunarudi kwenye kazi zetu bila kubeba kitu. Katika kurasa hizi tunataka kufanya namna nyingine. Tunataka kuchukua jambo dogo la siku hizi, jambo ambalo wengine watalicheka, na kuuliza wazee wangesema nini juu yake. Jambo lenyewe ni hili: mahali penye kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja, moja ikilia, namna gani watu watajua ni ipi? Na wasipojua, nani mwenye kosa?

Mwenye kusoma atasema kwamba hilo ni swali la fundi, si la mila wala la maadili. Nasi tulifikiri vile, mpaka siku ile tunayotaka kuisimulia.

1. Tukio lililotufundisha

Ilikuwa mwaka 2009, hapa Kisangani, katika sekretaria moja ya kuchapa na kufotokopia. Kulikuwa meza moja ndefu na kompyuta tano. Chini ya meza, kila kompyuta ilikuwa na onduleri yake, yaani kile kisanduku kinachoweka umeme kidogo ili kuran ikikatika mtu apate dakika chache za kuokoa kazi na kuzima mashine vizuri. Sisi tulikuwa pale tukichapa maswali ya mtihani wa wanafunzi wetu. Pembeni yetu, kwenye mashine ya nne, kulikuwa kazi ya binti mmoja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tangu asubuhi mchapaji alikuwa anaingiza masahihisho ya mwalimu wake katika kazi yake ya kumaliza masomo. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuitoa. Mchapaji alitoka kwenda kula, na binti alitoka kutafuta pesa ya karatasi.

Saa nane kuran ikakatika. Grupe haikuwa na mafuta. Onduleri zote tano zikaanza kulia pamoja: pi, pi, pi. Kila mtu akaokoa kazi yake na kuzima kompyuta yake. Lakini ni watu wachache wanaojua kwamba onduleri huendelea kulia hata kompyuta ikiisha kuzimwa, mpaka uizime yenyewe. Basi zote tano zikabaki zikilia, kwa sauti moja, chini ya meza moja. Nne zilikuwa zinalia bure. Moja ilikuwa inaomba msaada.

Mtu mmoja akauliza: « Iko ya nani ile yenye kulia vile? » Mwingine akajibu: « Haiko ya kwangu, mimi nimefunga. » Wa tatu akasema: « Ni ile ya kule. » Na sisi tulisema nini? Hatukusema kitu. Tulikuwa tunapanga karatasi zetu, tukifurahi kwamba maswali yetu yameokolewa. Baada ya dakika kama saba, sauti moja ikabadilika, ikawa ndefu bila kupumzika, kisha ikanyamaza. Ilikuwa mashine ya nne.

Kuran iliporudi jioni, kazi ya asubuhi yote ilikuwa imepotea, na faili lenyewe lilikataa kufunguka. Binti hakuwahi kutoa kazi yake katika kipindi cha kwanza. Hakupiga kelele, hakutukana. Alituangalia sisi, watu wazima tuliokuwa pale, akauliza tu: « Hamukusikia? »

Tulimjibu: « Tulisikia, mama, lakini hatukujua ni ya nani. »

Ni jibu lile linalotusumbua mpaka leo. Je, lilikuwa jibu la kweli, au lilikuwa udhuru?

2. Namna wazee walivyoita

Wasomaji wa hapa kwetu wanajua lokole, ile ngoma ya mti isiyo na ngozi. Shina la mti linatobolewa kwa juu kwa mwanya mrefu na mwembamba, na ndani linachimbwa kwa namna ambayo mdomo mmoja wa mwanya unatoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Ndugu zetu Walokele, wanaokaa kando ya mto kuanzia Kisangani kuteremka kuelekea Isangi, walijulikana sana kwa kuitumia. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga na kuisikiliza, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma zinazosema za Afrika. Wazungu wengi kabla yake walifikiri lokole ni alama tu, sawa honi ya gari. Yeye alieleza jambo ambalo wazee walilijua tangu zamani: lokole inasema lugha yenyewe, kwa kufuata sauti za juu na za chini za maneno.

Lakini hapo kulikuwa shida ileile ya sekretaria. Lokole ina sauti mbili tu, na maneno ni mengi. Katika Kilokele, neno la mwezi, songe, na neno la kuku, koko, yote yana sauti mbili za juu. Ukipiga sauti mbili za juu tu, msikilizaji atajuaje kama unasema mwezi au kuku? Wazee walifanya nini? Hawakuongeza nguvu ya mkono. Waliongeza maneno. Kuku hakutajwa peke yake. Alitajwa pamoja na fungu zima la maneno linaloeleza udogo wake na mlio wake. Mwezi nao ulipewa maneno yake, kwamba unaitazama dunia toka juu. Kila fungu lilikuwa na mwendo wake wa juu na chini, na msikilizaji hakukosea. Ujumbe ulikuwa mrefu, ndiyo, lakini ulifika.

Na watu je? Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole. Halikuwa jina fupi la kuitana nyumbani. Lilikuwa na sehemu ya mtu mwenyewe, sehemu ya baba yake, na sehemu ya kijiji cha mama yake. Mtu akiwa porini au mtoni kwenye mitego, na mgeni amefika nyumbani, mpigaji alianza kwa kutaja jina la anayeitwa, akalirudia, kisha akaeleza sababu, akarudia tena. Usiku au alfajiri, hewa ikitulia, sauti iliweza kufika mbali hata kilometa kama kumi. Lokole za vijiji vingi zilisikika kwenye mto uleule, na mtu aliyeketi katika pirogi yake alijua: hii si yangu, hii si yangu, hii ni yangu. Hakuambiwa tu kwamba anaitwa. Aliambiwa pia yeye ni mtoto wa nani.

Tuweke alama hapa. Kwa wazee, mwito haukuwa kelele. Mwito ulikuwa jina.

3. Mashine iliyotengenezwa kwa mtu mmoja

Sasa turudi chini ya meza. Kwa nini onduleri tano zinalia sauti moja? Kwa nini kompyuta zote za sekretaria, barua ikifika au kosa likitokea, zinatoa mlio uleule, hata watu watano wanageuza vichwa pamoja? Sababu ni rahisi. Mtengenezaji anatia sauti moja katika mashine zote za namna moja. Katika mawazo yake aliona mtu mmoja, katika chumba chake, mbele ya mashine yake. Kwa mtu yule, mlio mmoja unatosha, juu hakuna mwingine wa kuchanganya. Lakini sisi hatuishi vile. Kwetu mashine tano zinakaa meza moja, na watu kumi wanazizunguka. Mlio uliotengenezwa kwa mtu peke yake, ukiingia katika jamii, unapoteza maana.

Kuna na sababu ya mwili. Sikio linatambua upande sauti inakotoka kwa kulinganisha masikio mawili: lipi limepata sauti kwanza, lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Mlio mwembamba wa juu, wa noti moja, hauachi dalili nyingi za kulinganisha. Na ukuta wa sementi unaurudisha, hata unaonekana kutoka kila upande. Mlio wa mti, wenye sauti nyingi ndani yake, ni rahisi zaidi kuufuata. Kwa hiyo watu waliosema « ni ile ya kule » hawakudanganya. Masikio yao yenyewe yaliwadanganya.

Wanasayansi nao wamethibitisha nguvu ya jina. Mwaka 1959 Neville Moray, katika Uingereza, aliwavalisha watu vifaa vya masikio, kila sikio na maneno yake, akawaagiza wafuate sikio moja na kuacha lingine. Maneno ya sikio lililoachwa yalipotea karibu yote. Lakini jina la mtu mwenyewe likitamkwa upande ule, karibu mtu mmoja kati ya watatu alilisikia. Jina lilipita pale ambapo maneno mengine yalizuiwa. Wapigaji wa lokole hawakuhitaji kusoma utafiti ule ili kujua kwamba mwito unaanza kwa jina.

Msomaji asifikiri kwamba jambo hili linaishia kwenye karatasi za wanafunzi. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya nchi tajiri, kila kitanda kina mashine zake, na kila mashine ina kengele yake. Mwezi wa Aprili 2013, shirika la Marekani linalokagua hospitali, Joint Commission, lilitoa onyo: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 lilikuwa limepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusu kengele za mashine, na 80 kati yake yaliishia katika kifo. Kengele zilikuwa nyingi mno, na mara nyingi zililia bure, hata wauguzi wakazizoea. Watu wale si wabaya. Wamechoka kuitwa na sauti isiyosema ni nani, na kwa sababu gani.

4. Je, kutokuitwa kwa jina ni udhuru?

Hapa ndipo swali letu linakuwa gumu. Mpaka sasa tumeilaumu mashine. Tungeweza kumaliza hapa na kulala vizuri. Lakini yule binti hakuuliza kama tulijua. Aliuliza kama tulisikia.

Kila mwalimu anajua jambo hili. Ukiingia darasani na kusema: « Kuna mtu afute ubao », wanafunzi hamsini wanaangalia chini. Ukisema: « Mapendo, futa ubao », Mapendo anasimama mara moja, tena kwa furaha. Si kwamba darasa lina watoto wabaya. Mwito wa wote, kila mmoja anaugawanya kwa hamsini, na sehemu inayomwangukia ni ndogo sana, haitoshi kumsimamisha. Mbuzi wa watu wote hulala bila majani.

Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, walilipima jambo hilo mwaka 1968. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Mara sauti moja ikaanza kuonyesha dalili za kifafa na kuomba msaada. Kati ya waliofikiri ni wao peke yao wanaosikia, 85 kwa 100 walitoka kusaidia kabla sauti ile haijanyamaza. Kati ya waliofikiri kuna wengine wanne wanaosikia, ni 31 tu kwa 100. Na wale wasiotoka hawakuwa na moyo wa jiwe. Wengi walikutwa wakitetemeka, wakauliza kama mgonjwa ni mzima. Walisikia. Walisumbuka. Walibaki wameketi.

Tulipojifunza habari ile, tulijiona sisi wenyewe pale sekretaria, na karatasi zetu mkononi.

Mwenye kututetea atasema: kwa wazee, mtu ambaye jina lake halikupigwa hakuwa na deni. Hapana, hilo si kweli, na hapa tunaomba wasomaji watusikilize vizuri. Mila ya lokole ilikuwa na sehemu tatu, siyo moja.

Ya kwanza ni mwito wa mtu mmoja, wenye jina. Ule tumeuona.

Ya pili ni mwito wa wote: msiba, mchezo wa mieleka, kufika kwa masua. Huo nao haukuwa kelele tupu. Ulisema waziwazi kwamba ni wa kijiji kizima. Hakuna aliyeweza kusema « haiko ya kwangu », juu uliambiwa kwamba ni ya kwako.

Ya tatu ndiyo tunayoisahau. Mwenye jina akiwa mbali mno, au amelala, au yuko upande ambao upepo haupeleki sauti, aliyesikia alikuwa mkono wa mpigaji. Mtu aliyekutana naye njiani alimwambia: « Unaitwa kwenu. » Kijiji cha mbele kilipokea ujumbe usio wa kwao na kuupiga tena ili ufike kijiji cha pili. Kama kila mtu angesema « si jina langu » na kuendelea na mitego yake, ujumbe usingevuka hata bonde moja. Jina lilionyesha mwenye deni la kujibu. Halikuwaondolea wengine deni la kusikia.

Basi tunaona kwamba kuna wajibu wa namna mbili: wajibu wa anayeitwa, na wajibu wa aliyesikia. Wa kwanza unahitaji jina. Wa pili hauhitaji jina lolote, masikio yanatosha. Siku ile tulikosa jina, ndiyo, na kosa lile lilikuwa la mashine na la mpangilio wa chumba. Lakini masikio hatukukosa. Kuinama chini ya meza na kuangalia mashine ya nne kungetuchukua nusu dakika. Jibu letu kwa binti lilikuwa la kweli, na lilikuwa pia udhuru. Neno moja linaweza kuwa yote mawili, na pengine udhuru unaotuponyoka kirahisi kuliko wote ni ule ulio wa kweli.

5. Tufanye nini?

Hatupendi maandiko yanayoonyesha kidonda bila kutafuta dawa. Tunaleta mambo matatu, na yote yanatoka katika mila tuliyoieleza.

Kwanza, tuzipe mashine majina. Katika kompyuta nyingi, mwenye kuitumia anaweza kubadilisha sauti za tahadhari mahali pa kupanga sauti, na hata kutia sauti aliyoirekodi mwenyewe. Kwa nini kompyuta ya tatu isiseme kwa sauti ya mtu: « Mashine ya tatu, barua imefika »? Wengine watacheka. Lakini hiyo ni lokole: jina kwanza, sababu baadaye. Ni ndefu kuliko pi moja, lakini ufupi wa mlio unalipwa na msikilizaji, na wazee walikataa kumtwika deni lile. Simu zetu za leo zinatudai jambo lilelile: katika chumba cha walimu simu moja ikilia, watu sita wanaingiza mkono mfukoni.

Pili, tuache kuziacha mashine zilie bure. Onduleri nyingi haziwezi kubadilishwa sauti. Basi mwenye kumaliza kuzima kompyuta yake azime na onduleri yake. Kunyamazisha mlio usio na haja ni njia ya kuusikilizisha ule wenye haja. Mtu anayeacha mashine yake ilie bure hajaiba kitu cha mtu, lakini amemfunika mwenzake mdomo.

Tatu, na ndiyo kubwa, tupange nani anasimama. Tangu mwaka ule, katika chumba cha kompyuta tunachofanyia kazi na wanafunzi wetu, kanuni ni moja: aliyesikia kwanza anasimama, anaangalia, kisha anamtaja kwa jina mwenye mashine. Kwa maneno mengine, mlio usio na jina, sisi tunautia jina. Mwanzoni wanafunzi waliona ni mchezo. Leo wanaifanya bila kukumbushwa, na tumewaona wakiifanya hata nje ya chumba kile, kwa mtoto mdogo anayelia kando ya barabara: hawaulizi « wa nani? » wakapita, wanasimama kwanza, kisha wanauliza.

Hitimisho

Lokole nyingi zimenyamaza. Watoto wengi wa leo hawana jina la lokole, na wale wenye kuweza kulisikia kutoka mtoni ni wazee sana. Hatusemi kwamba tuzirudishe zote ili tuitane nazo kutoka Makiso mpaka Lubunga. Simu inafanya kazi ile haraka zaidi. Tunasema tu kwamba kulikuwa elimu ndani ya ule mti uliotobolewa, na elimu ile haifi pamoja na mti. Inafundisha kwamba anayeita anapaswa kumtaja anayemwita, na kwamba anayesikia, hata kama hakutajwa, ameingia katika habari ile.

Binti yule alimaliza masomo yake katika kipindi cha pili, na alipokutana nasi alitusalimia vizuri. Hakutukumbusha kitu. Lakini sisi, kila tunaposikia pi, pi, chini ya meza fulani, hatuulizi tena ni ya nani. Tunainama kuangalia.